Maganda Yameona Haya

Mia mbili na kumi na mawili.
Nimeyahesabu mara mbili juu ya gunia la katani,
uani, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne,
na hakuna hata moja la manjano.
Yaliingia pipani na masizi ya baruti,
yametoka na rangi ya ufizi wa mtoto.

Klabu ya shabaha ya Pongwe huniuzia kwa kilo.
Yameshasema neno lao, hayana jingine.
Mimi nakata shingo, natoboa kitako,
Singano seremala anayapigilia kwenye makabati
yawe vishikio vya droo.
Bi harusi anavuta, kanga zinatoka,
hajui alichokishika kiliwahi kutamka nini.
Lakini Singano anataka manjano.
"Mwanakombo," alisema, mguu mmoja bado kwenye pedeli,
"nyekundu nitaipata kwenye waya wa umeme."

Basi nakaa na kosa langu kama na mgeni wa usiku,
namuuliza kwao wapi, kaja na nani.

Ni maji?
Ya kisima yana chumvi, chai yake huidanganyi kwa sukari.
Lakini jana nilichota ya bomba,
nikasuuza mara tatu, mpaka povu likanyamaza.

Ni kutu?
Msumari mmoja ukijificha pipani
huambukiza ukoo mzima.
Nimemwaga zile sindano za chuma cha pua juu ya shuka,
nimezichambua kama mchele wa arubaini:
kifungo cha shati, punje ya mchanga, basi.

Ni kukausha?
Umeme ulikatika saa tatu, feni ikalala, nami nikalala.
Ganda likilala na maji huamka na madoa ya kahawia,
duara kwa duara, kama sinia la kahawa.
Haya hayana madoa.
Haya yana haya.

Ni muda, basi? Ile mota ya cherehani
ilizungusha pipa saa mbili tu, nilikuwa nafua pembeni,
nikisikia chakacha, chakacha,
kama mtu anayetafuta funguo ndani ya mkoba.

Inabaki ndimu.

Kipimo ni nusu ndimu kwa ndoo. Nusu.
Ukali wake hung'oa uchafu, ukizidi hung'oa zinki,
na zinki ndiyo manjano yenyewe;
ikiondoka, shaba inabaki peke yake,
nyekundu, kama mtu aliyefunguliwa mlango anaoga.
Kipimo hiki kanifundisha Baba,
aliyekitoa karakana ya reli
pamoja na kikohozi na saa isiyokwenda.
"Ndimu ni kama tusi," alikuwa akisema,
"moja linatosha, la pili ni la kwako mwenyewe."

Nikaenda kwenye ndoo ya taka.
Nusu yangu ilikuwepo.
Juu yake, maganda mengine, ya ndimu haya,
yamekamuliwa kwa mkono wenye nguvu bado:
kumi na moja.

"Baba, jana uliweka ndimu?"
"Niliweka. Niliona umesahau."
Akafikiri. Redio ikasoma vifo.
"Halafu nikaona umesahau tena."

Sikusema kitu. Ningesema nini,
na yeye ananitazama kama fundi anavyomtazama mwanafunzi
anayemsamehe?

Wekundu ni wa juu tu, unene wa pumzi.
Nimempa kitambaa, majivu, tone la mafuta ya nazi,
nimemwekea ganda kiganjani.
Macho hayapo sana, majina yanapotea,
juzi aliniita kwa jina la shangazi;
lakini kidole gumba kimeanza kuzunguka
bila kuuliza mtu,
na ukingoni, pale mdomo wa ganda ulipopasuka kidogo,
manjano yamechungulia.

Limebaki mia mbili na kumi na moja.
Singano atasubiri, au atafoka, yote anayaweza.

"Umeweka ndimu?" Baba ameuliza.
"Nimeweka, Baba."
Zilizobaki nimezifungia kwenye droo ya juu,
ile yenye kishikio cha zamani,
alichokisugua yeye.