Ngozi ya Jiwe

Jiwe lenyewe halikusafiri. Limebaki Shandong
na farasi wake, na mwavuli wa bwana garini.
Lililofika Nairobi ni ngozi tu:
karatasi, usiku wa wino,
farasi weupe pale wino ulipokosa pa kushika.

Jumamosi nikaenda Lang'ata na sponji,
wino wa River Road, karatasi laini.
Nikailowesha, nikaibandika juu ya jina la baba,
nikagonga taratibu, kama apigaye hodi
penye mgonjwa.

Likatoka: OMBORI, jeupe,
na ile W aliyoisahau fundi
akaipachika juu, ndogo,
kama njiwa kwenye bati.

Miaka tisa nimeionea haya.
Naikunja mbichi hivyo hivyo,
inichafue shati.