Mstari wa Nne

Kitgum, kwenye ofisi ya vitambulisho,
fomu ina mistari mingi, lakini mimi nilikwama wa nne:
Jina la baba.
Chini yake, kwa herufi ndogo: ukoo.
Karani hakuinua macho. Aligonga meza kwa kalamu
kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba
anayojua haina mtu.

Mama alirudi kutoka porini na mimi mgongoni.
Siku ile hakuna aliyemuuliza kitu.
Waliuliza baadaye, kidogo kidogo, kwenye pampu ya maji,
kwenye foleni ya mahindi ya msaada,
mpaka jibu likawa jina langu:
mtoto wa msituni.
Bibi alikuwa ameshaniita Komakech,
yaani mwili wangu huu una bahati mbaya,
jina ambalo ukiitwa asubuhi
umekwisha kuambiwa siku itakavyokuwa.

Sikulilia hilo. Nilishona.
Cherehani ya kukodi, kibarazani kwa Mama Aceng,
sare za watoto ambao daftari zao
zina majina mawili juu ya jalada.
Nilijua kupima kila mtu: bega, kifua, kiuno.
Mimi mwenyewe nilijipima kwa jicho tu,
na kila mara nilipungua.

"Leta cheti cha ubatizo," karani akasema.
"Labda huko waliandika."

Basi nikaenda misheni. Katekista Obwona amezeeka,
anashika kitabu kama anavyoshikwa mtoto wa watu.
Kurasa zimeliwa na mchwa pembeni.
Alilowesha kidole, akafunua, akapita ndoa, akapita vifo,
mwaka wa kambi, mwaka wa kipindupindu.
Kisha: Filda Komakech.
Mama: Lamunu.
Baba:
nilitazamia kistari. Nimezoea vistari.
Palikuwa na neno, wino wa buluu umefifia,
mwandiko wa mzee huyuhuyu, ila mkono ungali na nguvu:
Wonwa.

Ndivyo sala inavyoanza kwa Kiacholi.
Baba yetu.

"Padri alikubali?"
"Padri alichelewa, barabara ilikuwa na mabomu.
Mama yako amesimama pale, anatetemeka,
wewe unang'aa mafuta ya moyao kichwa kizima.
Ningeandika nini, mwanangu? Ningeandika uongo?
Alipofika alisoma, akanyamaza, akatia sahihi."

Sikusikia malaika. Nilisikia njiwa juu ya mabati
na pikipiki iliyokataa kuwaka.
Lakini kuna kitu ndani yangu kilikaa sawa,
kama mkono wa gauni ulioshonwa kinyume
ukafumuliwa, ukageuzwa.
Miaka ishirini na mitatu neno lile lilikaa gizani
likinisubiri nije nilisome.

Karani alikataa, bila shaka.
"Huyu si mtu wa ukoo wowote," akasema,
akaandika: Hajulikani.
Nikamwachia. Fomu yake ni nyembamba.

Kiswahili, zamani, kwetu kilikuja kimevaa buti:
lala chini, simama, wewe nani, toa kitambulisho.
Usiku huu nakipa kazi nyingine.
Cherehani imenyamaza, mafuta ya taa yamebaki kidogo,
nami namjibu yule askari polepole,
kwa sauti anayoisikia hata Mama, upande wa pili wa pazia:
mimi ni Komakech.
Jina sijalibadili. Mwili huu wa bahati mbaya
ndio uleule uliomwagiwa maji.
Mimi ni wa Baba yetu.

Pazia linatikisika.
"Yetu?" anauliza Mama. "Hata mimi?"

Hata wewe, Lamunu.
Wewe wa kwanza.