Muuza Samaki wa Nanyumbu

Msimu wa ununuzi
wa korosho, mwaka juzi,
nililaza wapagazi
Tandahimba, barazani.

Vyumba vyote vilijaa,
hata banda la mkaa;
saa ya kuwasha taa
wakabisha mlangoni.

Walikuwa ni wawili:
kaka mtu, kandambili,
dada mtu, doti mbili
zimepauka pindoni.

"Tunachuuza samaki,"
kaka kasema. Hacheki,
na kuketi hakutaki
hadi mto uwe chini.

Chai alipoletewa
akangoja kuonjewa!
Nikajua, sijalewa,
huyu si wa magengeni.

Mmoja kataka pono,
kaka kakosa maneno,
kanyoosha tu mkono
abusiwe kidoleni!

Usiku siri yavuja
kwa dada, moja kwa moja:
"Huyu Mwenye, amekuja
toka kwetu Nanyumbuni.

"Wamakua twarithisha
kwa mpwa, mwana kupisha;
mwanangu katutingisha,
ametoroka nyumbani.

"Mwaka wa tisa ni huu,
na kaka ana makuu:
hatembei kwa miguu
ila leo, mafichoni."

Nikawapa kiongozi,
kijana mjua kazi,
ana ndevu kama mbuzi,
Chitanda wa mizanini.

Mwenye kampa dalili:
"Mrefu, mkosa akili."
Chitanda kawa mkali:
"Mwerevu!" Kisha, "Nadhani."

Kwa posho ya kila siku
akawatia shauku,
leo kule, kesho huku,
Nanyamba, Kitangarini.

"Nimeona nyayo zake,
nimeshika shati lake,
keshapita na mwenzake,
kesho twende Mahutani!"

Mwenye akala ming'oko,
kaosha vyombo na mwiko,
kalipia choo cha soko
na kusimama foleni.

Siku ya kumi na moja
tuko ghalani pamoja,
vumbi la gunia laja,
likaingia puani.

Kapiga chafya Chitanda,
nne, ya tano yapanda.
Mwenye pale akaganda:
"Hiyo chafya ya nyumbani!"

Akavuta ndevu: pamba!
na gundi ya kujipamba.
"Ndimi mpwao, mjomba;
posho ya leo ni deni."

Mwenye akataka fimbo;
wapagazi wana tambo:
"Muuza samaki, mambo!
Wampiga kama nani?"

Dada, bibo lamwagika
kwa jinsi alivyocheka:
"Siku ile alofika
nalimjua, jamani!

"Mama asijue mwana
kwa ndevu za duka, bwana?
Ila nilichokiona
ni kaka yangu sokoni,

"akibeba, akichoka,
akitukanwa, acheka.
Hiyo posho ilotoka
ni ada yake shuleni."

Wakapanda lori, mwisho;
mpwa atafuna korosho,
akidai bado posho,
Mwenye juu, guniani.

Jina lake la uchifu
likae na watukufu;
kwangu, kitabu kichafu:
"Samaki: chai ya deni."