Msichana Hakufa Igogo

Kiingilio cha banda la Nkwabi kilikuwa shilingi mia.
Aliyekosa mia alikuja na kikombe cha karanga.
Filamu ilikuwa ya Kichina, nadhani,
na Nkwabi, kipaza sauti mkononi, alitufasiria
lugha asiyoijua.

"Anasema hivi: wewe jamaa,
ulikopeshwa ng'ombe kumi na wawili kule Magu,
umerudisha tisa. Hesabu hiyo umeitoa wapi?"
Yule wa upanga akakunja uso.
Kweli kabisa, alikuwa na sura ya kurudisha tisa.

Mto uliopita nyuma yao ukawa Mirongo.
Mlima ukawa Bugando, maana ulikuwa na jengo juu.
Mfalme akawa mwenyekiti wa mtaa
tukamzomea hata kabla hajafungua kinywa.

Nasi tulimsahihisha.
"Nkwabi! Jana ulisema huyo ni shemeji yake!"
Akanyamaza. Jenereta likaongea peke yake.
"Jana walikuwa hawajaachana."

Na yule msichana kipofu, mpiga zeze wa darajani,
kila jioni, karibu na mwisho, alipigwa mshale.
Mpaka siku Mama Holo, aliyekaanga furu mlangoni,
alipoingia na mwiko unaodondosha mafuta,
akasimama mbele ya televisheni:
"Sitaki.
Mwaka huu nimezika wawili. Huyu simziki."

Nkwabi hakubishana.
Akabonyeza, picha zikakimbia kinyumenyume,
mshale ukachomoka kifuani, ukarudi kwenye upinde,
damu ikapanda ikaingia mwilini,
mvua ikarudi juu,
hadi pale binti anapocheka akipakua wali.
Akaisimamisha hapo, picha ikitetemeka.
"Anasema amepona.
Jumatatu anaanza kazi kiwanda cha samaki."

Kuanzia siku hiyo ndivyo ilivyoisha.
Watoto wa Mabatini walikuwa na yao
ambamo ameolewa na daktari wa macho.
Tulirushiana mawe kwa ajili hiyo.

Miaka ishirini na mitatu baadaye,
chumba cha kupanga, Nyegezi, umeme umekatika,
nikaikuta kwenye simu: picha safi, maandishi chini,
kila neno mahali pake.
Hakuna ng'ombe. Kumbe yule wa upanga
alikuwa akilalamikia kodi ya chai.
Mto una jina gumu, na haujawahi kufurika
ukabeba viatu vya mtu ninayemjua.
Mshale ukaja.
Nikageuka kutazama mlango.

Najua, filamu ina wenyewe.
Kuna mtu alikesha akizishona zile nguo,
kuna mtu alimfundisha yule binti kushika zeze
kana kwamba hamwoni anayemsikiliza.
Sijui niwalipe nini. Mia nilishatoa, na karanga.
Na Mama Holo, aliyewaokolea mtoto wao
kwa mwiko mmoja, adai kwa nani?
Banda lilivunjwa barabara ilipopanuliwa.
Furu wenyewe siku hizi huwaoni.

Nikaikata, kwa kidole gumba.
Sekunde kumi na moja zikaondoka: daraja, mshale, kilio.
Mwishoni nikakibandika kile kicheko na ule wali,
na kwa kuwa sina sauti ya Nkwabi
nikaweka yangu, mbaya, yenye mafua:
"Anasema amepona.
Jumatatu anaanza kazi kiwanda cha samaki."

Nikamtumia dada yangu Kabula, yuko Geita.
Alama mbili zikageuka bluu. Kimya.
Nikadhani analia.
Usiku wa manane simu ikawaka:

"Umekosea. Ilikuwa Jumanne.
Na hakuwa anapakua wali, ule ulikuwa ugali."