Mstari Usio na Namba

Utaratibu uliamka saa nane za usiku kama kawaida,
ukapita jedwali hadi jedwali, ukajifungia, ukaandika:
Imekamilika. Makosa: hakuna. Waliolipwa: sifuri.
Nami nilikuwa nimelala.

Asubuhi, Liepāja, baridi nyuzi kumi na saba chini ya hiyo sifuri,
simu ya kwanza ni ya Austra Zvirbule, ghorofa ya nne:
"Binti, ruzuku ya joto haijaingia.
Nakoroga uji nimevaa makoti mawili."

Namtafuta. Yumo.
Jina limo, chumba kumi na sita kimo, radieta zake tatu zimo.
Wapokeaji: elfu tatu mia moja na kumi na wanane.
Wadaiwa: arobaini na mmoja.
Watoe hawa kwa wale; mtoto wa darasa la pili atakupa jibu.
Mashine imetoa, haikubakiza mtu.

Ingepiga kelele ningeishukuru.
Kosa lenye namba ni mgonjwa anayejua panapouma.
Hili limenyamaza, linatabasamu, lina cheti cha afya.

Naufungua utaratibu: mistari mia mbili na kumi na miwili,
kazi ya Guntars Veidemanis, aliyehamia Ayalandi
kufungasha kuku kwa mara mbili ya mshahara wangu.
Mstari wa tisini kaacha onyo: Usiguse hapa. Nitarudi.

Nimegusa.

Usitazame ulipoangukia, tazama ulipojikwaa.
Basi nakata. Naendesha nusu ya ulizo,
robo yake, robo ya robo,
kahawa imeshafanya utando,
hadi inabaki sentensi moja, nyepesi, haina hatia usoni:
Mlipe kila ambaye namba yake haimo miongoni mwa wadaiwa.

Na miongoni mwa wadaiwa, yule wa arobaini na mmoja
hana namba.
Si sifuri. Si nafasi. Tupu.

Hapo ndipo mashine ilipoketi kuhukumu:
Austra wa kumi na sita, je, ndiye huyu asiyejulikana?
Sijui.
Basi siwezi kuapa kwamba hayumo. Asilipwe.
Anayefuata, je, ndiye? Sijui. Asilipwe.
Elfu tatu na ushei, mmoja baada ya mwingine, kwa adabu zote,
sijui, sijui, sijui,
mji mzima ukalala baridi kwa shaka moja.
Wala haikukosea. Tupu hailingani na chochote,
hata na tupu mwenzake,
na ukiuliza kama wanatofautiana, hilo nalo haijui.

Nani aliyemwingiza? Safu ya mwisho huweka jina la mtumiaji.
Vizma. Ijumaa, saa kumi na dakika hamsini na nane.

Vizma ni mimi.

Naikumbuka fomu sasa: penseli, alama ya kidole chenye grisi,
mzee Jāzeps, analala chumba cha mabomba chini ya nyumba ya tisa.
Penye namba ya chumba alichora kistari.
"Mlango hauna namba, binti. Niandike nini?"
Sikuandika kitu.

Dawa ilikuwa maneno matatu: na si tupu.
Nikayajaribu kwenye nakala, kisha kwenyewe.
Elfu tatu na sabini na wanane.
Saa tano nikampigia Austra. Kulikuwa na nini?
"Swali liliulizwa vibaya, mama."
Akacheka. "Hilo tu?"

Hilo tu. Onyo la Guntars nimelifuta.

Lakini mstari wa arobaini na mmoja upo palepale.
Sasa mashine inampita bila kumtazama,
kama tupitavyo sisi pale ngazini, tukiwahi joto la juu.
Deni lake linasomeka vizuri: yuro ishirini na sita na senti kumi,
bei ya mabomba ya wenzake yanayopita juu ya kichwa chake.

Nimeweka kishale ndani ya kile kisanduku.
Kinawaka, kinazima. Kinangoja niandike.