Tui Halishonwi

Mzuzu tatu za Marikiti, maganda yamepiga weusi,
nimezikata kwa mkasi wa kazi. Usicheke, Thureya,
kisu chako sijui ulikiweka wapi.

Tui la pili limezifunika. Iliki nimeponda.
Sukari nimeikadiria kwa jicho,
saumu hainipi ulimi.

La kwanza likangoja bakulini, zito.
“Ukilitia, koroga, usibanduke,” ulizoea kusema,
nami napinda kanzu za watu, naitikia tu.

Leo nilibanduka.
Mteja alipiga hodi, kaba inambana.
Kurudi, tui limekatika.

Miaka thelathini Kibokoni nashona,
hili sina uzi wake.

Adhana.
Nazila hivyo hivyo, na mabonge yake.
Sukari imezidi,
kama yako.