Mgonjwa wa Mazoezi

Tangu Oktoba nimekufa mara kumi na tisa.
Nimefia jikoni, nimefia kwenye ngazi ya ghala,
na Jumapili moja nikafia sebuleni, mpira ukiwa patamu,
Arlys akinigonga bega: "Bwana, bwana, unanisikia?"
Sikujibu. Ndiyo kanuni. Maiti hajibu.

Miaka thelathini na mmoja amenipikia, amenifokea,
amenikata nywele kwa mkasi wa kondoo.
Sasa anaingia kwa mlango wa nyuma, amevaa glavu,
anatangaza kama anayemsimulia kipofu:
"Eneo ni salama. Mgonjwa ni mmoja.
Mwanamume, mtu mzima, kitambi kiasi."
Kitambi kiasi! Hilo halimo kitabuni.

Huku Dakota Kaskazini theluji haina adabu,
hupanda hadi dirishani ikatuchungulia tukila.
Ambulensi ni moja, wahudumu wanne,
wawili kati yao magoti yamegoma.
Hospitali iko maili hamsini. Ndiyo maana
Duane Hjelle alibandika karatasi pale posta:
kozi, Jumanne na Alhamisi usiku, kituo cha zimamoto.
Arlys, dereva wa basi la shule, akaisoma,
akatoka, akawasha gari, akalizima,
akarudi kuchana namba ya simu.

Mezani kwetu chumvi imepisha njia
bandeji, mirija, mikanda ya kuzuia damu
na kitabu ambacho mbwa hukizunguka kwa heshima.
Hunifunga mguu usiovunjika.
Hunivika kola ya shingo mkate ungali mdomoni.
Usiku nasikia midomo yake gizani:
njia ya hewa, pumzi, mzunguko wa damu,
njia ya hewa, pumzi.
Zamani midomo ile ilisali kabla ya usingizi.
Labda bado inasali.

Februari, baada ya supu, akanipima shinikizo.
"Mia na themanini na nne, chini mia na nane."
Akacheka. "Nimekosea."
Akafungua, akafunga upya, akasikiliza.
Mkono wa kushoto. Mkono wa kulia.
Akaacha kucheka.
"Chombo cha Duane kibovu," nikasema.
Akajipima mwenyewe. Chombo kizima.

Jokofu likanguruma, kisha likanyamaza.
Hakuniita bwana, hakuniita mgonjwa.
Aliniita Verlyn,
jina analolitumia benki na mazikoni tu.
"Kichwa kimekuuma tangu lini?"
Tangu mavuno ya viazi sukari, nilitaka kusema.
Nikasema: "Swali hilo limo kwenye mtihani?"
"Limo. Jibu."
Nikajibu.

Aprili akaenda Fargo. Mtihani wenyewe ni wa kompyuta:
ukipatia inakuletea gumu zaidi,
na hujizima ipendapo, bila kwaheri.
Yeye ilimzimikia swali la themanini na tatu.
Akaendesha maili tisini redio kimya,
asijue kama amefaulu au ameachwa njiani.
Aliponiona mlangoni hakuniambia habari.
Alitikisa kichupa changu cha vidonge, akahesabu.

Leseni ilifika pamoja na katalogi ya mbegu.
Kadi ndogo. Jina lake, namba,
na tarehe ya kuisha. Nikashangaa:
kumbe hata kujua kuokoa watu kunachacha,
miaka miwili, urudi ukathibitishe!
"Na wewe pia," akasema, "daktari kasema Juni."

Leo saa nane na dakika arobaini
redio ya kiunoni imemwita. Buti, koti, mlango.
Mahali pake kitandani bado pana joto.
Kuna mtu huko, mgonjwa wa kweli,
ambaye hatalipwa kahawa baada ya kufufuliwa.
Nami nimelala chali kama nilivyozoea,
vidole viwili juu ya kifundo cha mkono,
nikihesabu alivyonifundisha.
Nafika arobaini na kitu, taa za gari zinapinda njia panda,
napoteza hesabu.
Naanza tena.